Mstari Mweusi Kwenye Tope

Kwao, mwanamke akijifungua hunyweshwa supu ya chaza kabla ya chochote. Bi Zamda alikuwa akimpelekea mkwewe aliyejifungua bakuli la supu hiyo, akasita uani kwa jirani yao Rukia, mpimaji wa bahari. Rukia alikuwa amepasua bomba lililojaa tope alilolichimba ufukweni, tabaka juu ya tabaka.

"Tope la hapa chini, shangazi, lilitua bibi yako hajazaliwa."

Bi Zamda aliinama kutazama. Kumbe bahari haijasahau kitu.

"Na mstari huu mweusi?"

"Sumu. Madini ya risasi ya kila mahali yana uzito wake wa chembe, ndio unaotujulisha yalikotoka. Haya ni ya kile kiwanda cha betri cha hapa karibu."

"Na chaza?"

"Wanakula humohumo."

Mstari ulikuwa mwembamba kuliko ukucha.

"Mama, harufu imeshanifikia," mkwewe aliita kutoka nyumba ya pili, na kichanga kikalia. Bakuli lilikuwa bado linafuka mvuke mikononi mwa Bi Zamda.