Hamali wa Nje ya Ukuta

Haya kanihadithia Bi Nadhira, mke wa Mzee Mbarouk wa Mtambile, Alhamisi iliyopita, tukichambua karafuu uani kwangu.

Silima alikuwa ameshalitia jembe ardhini pale Mbarouk alipotokea na panga. Maiti ya mama yake Silima, Bi Mwatum, ishaoshwa, inangoja. Marehemu aliusia azikwe hapo, ndani ya ukuta wa mawe, kwenye makaburi aliyoyafagia umri wake wote.

Mbarouk akamwambia atoke. Hapo, ubavuni mwa ukuta, kalala babu mkubwa wa ukoo wake, tajiri wa Kiarabu aliyekuja na nguo na vyombo kabla kisiwa hakijaujua mkarafuu, na dini akaileta yeye. Watu wa bara, kina Silima, walikuwa mahamali wake tu. Akaonesha tuta kuukuu nje ya ukuta: hata hamali aliyempenda kuliko wote alizikwa kule.

"Kama si babu yangu, nyie mpaka leo mngeabudu mizimu," alisema. "Mama'ko mpeleke kwa mwenziwe."

"Mama kafa anasali, Mzee Mbarouk."

"Dini ya kupewa. Toka."

Shehe Ishak akamsihi, akaambiwa ashughulike na msikiti wake. Watu wakaanza kushikana mashati. Lakini maiti haigombewi. Silima akaenda kuchimba nje, kati ya ukuta na lile tuta.

Ukuta ulikuwa umeshiba mvua za masika. Shimo lilipomfika kiunoni, ukaanza kuinama. Silima akaruka juu, ukalala wote, na udongo wa pande mbili ukaporomoka nao. Kaburi la tajiri likawa wazi, na la hamali likawa wazi.

Watu walichungulia. Mbarouk akatupa panga, akayafukia yote mawili kwa mikono yake, kucha zikimtoka damu. Kisha, bila ya kumtazama Silima, akasema amzike mama yake popote atakapo.

Nyumbani alikataa chakula. Akapanda kitandani na udongo miguuni. Nadhira akamuuliza kaona nini.

"Hamali kalazwa ubavu wa kulia, kaelekea kibla," alisema. "Babu ana shanga shingoni, na kibla kakipa mgongo."

Akageukia ukutani, akalala.