Ndengu Juu ya Boneti

Kiilu alikuwa amekwisha kuchora kwa penseli matundu mawili juu ya boneti ya Landrova yake, grinda ya kukatia chuma mkononi, mkewe alipotoka nyumbani akijikokota na ungo wa ndengu.

Mara mbili kila wiki alimpeleka hospitali kusafishwa damu, na kila safari gari lilichemka kwenye mlima wa kutoka Tawa. Walikaa kando ya barabara wakingoja injini ipoe, mama wa watu amefumba macho. Matundu yangetoa lile joto. Hawangesimama tena.

"Sogea, mama. Cheche itakuchoma."

Hakusogea. Aliinamisha ungo, akamwaga ndengu zote juu ya boneti, akazitandaza polepole kwa kiganja mpaka alama za penseli zikafunikwa. Mishipa ya mkono wake uliozoea sindano za hospitali ilikuwa imesimama kama kamba.

"Kesho ni siku ya hospitali," Kiilu alisema.

"Najua. Lakini mimi nimechoka, na hii ndengu inataka siku tatu za jua, mzee. Wacha gari ikae."

Kiilu aliweka grinda chini. Akaokota kijiwe kimoja katikati ya ndengu, akakitupa, kisha akatafuta kingine.