Fagio Dhidi ya Kumbe Unajua

Asubuhi ile Mzee Maswali alitukanwa mbele ya dunia nzima, na kitu cha kwanza alichofanya ni kwenda kunyoa ndevu.

Mkewe alikuwa jikoni anachambua mchele. Akasikia wembe ukigongwa kwenye beseni, akatulia asikilize vizuri. Mlio huo hakuwa ameusikia tangu kiwanda cha uchapaji kifungwe na mumewe arudi nyumbani na begi lake. Tangu hapo bwana yule alikuwa mtu wa kulala uso ukutani mpaka chai ipoe, ipashwe, ipoe tena. Daktari alimpima kila mahali asione kitu. Alimwambia mama amtafutie mzee jambo la kumshughulisha, utadhani mambo hayo yanauzwa sokoni. Mama alijaribu bustani, akajaribu drafti, akajaribu hata kumgombanisha na jirani kuhusu ukuta. Wapi!

Sasa kulikuwa na Fagio. Hilo ni jina la mtandaoni, halina sura wala anwani, kwenye ile ensaiklopidia ambayo kila mtu anaruhusiwa kuandika, na kila mtu anaruhusiwa kupendekeza cha mwenzake kifutwe. Fagio alikuwa amependekeza ufutwe ukurasa wa Kumbe Unajua, mchezo wa kadi za maswali kuhusu wanamuziki, filamu na nyota wa tamthilia. Mzee Maswali ndiye aliyeubuni ujanani, akauchapa palepale kiwandani, na jina la utani akalipatia humo. Ukurasa wenyewe alikuwa ameusema yeye kwa mdomo, mkewe akauandika kwa simu, kwa kuwa vidole vya mzee hubonyeza herufi mbili kwa mpigo. Miaka ilikuwa imepita haujatembelewa na mtu. Lakini ukimwondolea huo, mzee hakuwa na kingine cha kuonyesha kwamba naye aliwahi kufanya jambo hapa duniani.

Mjadala ulipewa wiki moja, kisha msimamizi angeamua.

Fagio hakuwa na huruma hata chembe. Aliandika kwamba mchezo haukuvuma popote nje ya mtaa wa mtunzi, na kwamba mtunzi mwenyewe anajipigia debe. Mzee akakataa kuandikiwa safari hii. Alikaa kwenye kompyuta kuukuu ya sebuleni, miwani puani, akawa anachapa kwa kidole kimoja huku akifuta na kulaani. Mkewe alimletea chai, akamuuliza yule asiye na haya kasema nini tena. Akasomewa. Akatikisa kichwa, akasema asimwachie, amjibu.

Akamjibu, tena kwa jazba. Alivuta maboksi ya kadi za mchezo wake kutoka chini ya kitanda, akayapiga picha. Alivaa viatu vyake vya kazini akaenda maktaba kupekua magazeti ya zamani, akarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi na kipande kimoja cha gazeti. Fagio akasema hilo ni tangazo la kulipia, si ushahidi. Siku hiyo mzee alikula sahani mbili, akimponda Fagio kati ya tonge na tonge, na usiku akalala fofofo.

Katikati ya wiki Fagio alizidisha. Alidai kwamba kadi moja ya kijani ina swali la filamu lenye jibu lisilo sahihi.

Mzee alikwenda kuitazama kadi. Ni kweli, jibu lilikuwa si sahihi. Akarudi jikoni mbiombio, uso unang'aa.

"Mama, huyu mtu anayo boksi! Angeijuaje kadi ya kijani? Yuko mtu huko nje bado ana boksi langu!"

Mkewe aligeukia sufuria akakoroga, ingawa hakukuwa na cha kukoroga. Mzee wa watu alifurahi mpaka akaanza kuimba, na kuimba hajui.

Siku ya mwisho wakaja wengine wawili, wageni kabisa. Hawakutukana. Wa kwanza aliandika kwamba ametafuta kwa makini kila mahali na hakupata chochote, kwa hiyo anamuunga mkono Fagio. Wa pili aliandika kwamba na yeye vilevile.

Mzee alisoma mara moja tu. Mkewe alisimama nyuma ya kiti, kikombe mkononi, naye akasoma.

"Hawa hata hawanichukii," mzee alisema.

Ilimuuma, na hakuificha. Angalau yeye na Fagio waligombana kama watu. Kwa hawa angegombana na nini? Alizima kompyuta, akavua miwani, akaelekea chumbani mchana kweupe. Mkewe alimfuata mpaka mlangoni, akamwambia bado kuna saa chache, pengine Fagio atalegeza msimamo.

"Mwache Fagio," mzee alijibu, ameshageukia ukuta. "Yule ndiye mtu pekee aliyenitunzia boksi."

Mkewe aliurudishia mlango taratibu. Akaenda kuketi kwenye kigoda jikoni, akatoa simu, akaingia kwa jina la Fagio na kuandika kwamba amekosea, anaiondoa hoja yake, tafadhali sana ukurasa uachwe kama ulivyo.

Msimamizi hakukawia. Alieleza kwamba hoja ikishaungwa mkono na wengine, aliyeileta hawezi tena kuiondoa, kisha akamshukuru Fagio, maana bila yeye hakuna ambaye angejua kwamba ukurasa huo upo.