Bakuli Lisilo na Pilipili

Aliambiwa ampe kiti. Basi, hilo tu. Mashati ya Kijivu, askari wa Chama, wakiingia, yule ambaye fundi bomba atakuwa amempa kiti ndiye watakayeondoka naye.

"Na mdogo wangu?" fundi aliuliza.

"Atalala kwenu siku hiyohiyo," alisema Bwana Miwani, ofisa aliyekuwa akimtuma. "Na usimhurumie sana. Nilimwona juzi, kanenepa. Chakula cha gerezani kimemkubali." Akacheka mpaka miwani ikamteleza puani.

Fundi hakucheka. Mdogo wake, kijana asiye na afya ya kujivunia, alikamatwa kwa kubandika karatasi ukutani. Tangu hapo fundi alikatazwa hata kusogelea lango la gereza, asije akajulikana. Kwenye jengo la wapangaji alikotumwa kuhamia, alijitia hana mbele wala nyuma. "Mimi sina ndugu," aliwaambia wote, na kila alipolisema aliona aibu upya.

Kazi yenyewe ilionekana nyepesi. Tangu Chama kitwae nchi, kukusanyika lilikuwa kosa, lakini wapangaji wa pale walipika chungu kimoja kila mchana kwenye chumba cha kufulia. Walilea watoto wa waliokamatwa na kuwaficha wanaotafutwa. Lazima yupo anayewaongoza. Fundi amtafute.

Alimtafuta mpaka akachoka. Leo anayegawa kazi ni kinyozi, kesho mke wa dereva, keshokutwa bibi kizee asiyesikia vizuri.

"Hivi mkubwa wenu hapa ni nani?" aliuliza siku moja kama anayetania, huku akikaza bomba.

"Mwiko," alijibu kinyozi. "Anayeushika ndiye mkubwa. Akimaliza, anauosha."

Wakaangua kicheko. Fundi naye alicheka, tena kwa dhati, halafu akajilaani njia nzima ya kupanda ngazi.

Mke wa dereva alimtia wasiwasi. Mumewe alikuwa gerezani, na siku ya kwanza tu alimkazia fundi macho mpaka jasho likamtoka. "Sura yako si ngeni kwangu," alisema. "Nimeiona mahali." Fundi akasema duniani watu hufanana, akajichimbia chini ya sinki. Mwanamke yule hakulirudia tena.

Lakini aliyemtia wasiwasi zaidi ni Bi Cherehani, mshonaji mwenye miguu iliyovimba. Kila siku, kabla pilipili haijaingia chunguni, alichota chakula akakiweka kwenye bakuli la bati, akalifunika kwa kitambaa alichokipinda mwenyewe. Mwenye zamu alitoka nalo, akarudi nalo tupu. Zamu ilimzungukia kila mtu isipokuwa fundi.

"La nani hilo?" aliuliza.

"La mtu aliye mbali kidogo. Tumbo lake halitaki pilipili." Bi Cherehani akamsukumia sahani. "Na wewe punguza maswali, mwanangu, ule. Unakonda huku tunakuangalia."

Mwanangu. Hakuna aliyemwita hivyo tangu mama yao afariki. Fundi alikula kichwa kikiwa chini, maana machozi yalikuwa karibu.

Hata hivyo habari ya bakuli aliifikisha. Bwana Miwani akapiga meza kwa furaha. "Huyohuyo! Kuna mtu kafichwa, na huyo mama ndiye anayemlisha. Mpe kiti."

Siku ilipofika, chumba kilinukia vitunguu kama kawaida. Watu walipika wamesimama, wakisukumana na kutaniana juu ya nani anakata nyanya kama mtu anayekata kuni. Fundi alisikia lori likizima injini nje. Akamfikiria mdogo wake, akamfikiria yeye tu, akaenda kuchukua kiti cha pekee kilichokuwa pembeni.

"Kaa, mama."

"Asante, mwanangu. Leo miguu inawaka moto kweli." Akaketi, akashusha pumzi.

Mlango ukapigwa teke. Mashati ya Kijivu walitazama huku na huku, wakakiona kiti. Wawili wakamnyanyua Bi Cherehani kwa makwapa. Wapangaji walishikana mikono wakaziba mlango, kinyozi mbele, na kwa muda hakuna aliyepita. Kisha virungu vikaanza kushuka.

"Jamani, waacheni!" alilia Bi Cherehani. "Watatuulia watoto! Fungueni njia."

Wakafungua, kinyozi akivuja damu kichwani. Fundi alikuwa amejibanza ukutani, akiomba mama yule apite bila kumtazama. Lakini alipofika usawa wake, Bi Cherehani alimdaka mkono. Machoni mwake hamkuwa na chuki hata chembe. Alikuwa na haraka tu, kama mtu anayeacha maagizo ya nyumba.

"Bakuli liko dirishani, nimeshalifunika," alimnong'oneza. "Leo tulikubaliana zamu iwe yako, mke wa dereva atakuonyesha dirisha la gereza wanakopokelea chakula. Wahi kabla hawajafunga, mwanangu. Mdogo wako hajala tangu jana."