Picha ya Mlango wa Kisimani

Tangu bahari iumeze mtaa wa Kisimani, nyumba ilibaki yako mradi tu kila mwaka upeleke ofisini picha ya mlango wake, iliyopigwa kwa taa walizokupa wao. Picha za Mwanakombo zilikuwa zimekataliwa mara mbili. Ya tatu ingekuwa ya mwisho.

"Chenga tupu, bibie, mlango hauonekani," karani alimwambia, bila hata kuinua uso.

Chenga! Taa zenyewe wamezibana ubavuni mwa kamera, zinamulika matope yanayoelea mbele ya lenzi badala ya mlango. Mpumbavu gani hajui hilo? Mwanakombo alizing'oa kwa kisu cha samaki, akazifunga kwenye fimbo mbili, huku na huku, mbali na kamera, akazigeuzia nje ili ukingo tu wa mwanga uguse mlango.

"Watakufunga," mumewe, Shee, alimwonya.

"Wanifunge! Nyumba ya mama yangu ile."

Alizama, akapiga, akarudi jikoni akichuruzika maji. Picha ilitoka safi. Namba aliyoichora mamake ilisomeka, na chini yake kufuli liling'aa, halina kutu hata chembe.

"Mlifunga kufuli?" Shee aliuliza.

"Mlango ule ulikuwa na komeo tu."