Ngiri na Ada ya Mlima

"Elfu sita za kazi gani?" Ngiri alifoka. "Miezi miwili umenikimbiza mlimani, na kwenye mashindano nimeshika mkia. Silipi!"

Mbuzi Mawe, mwalimu wake wa mbio, alikuwa amechoshwa na maneno hayo. "Bwana wee, mimi nilikufundisha kupanda mlima. Sikukufundisha kupiga magoti njiani ule majani. Umepiga magoti mara saba, wenzako wanakupita!"

"Nilikuwa natafuta nguvu."

"Nguvu za kushika mkia?"

"Ungenifundisha vizuri ningekuwa nazo. Mafunzo yako ni bure kabisa."

Hajamaliza kusema, Chui akachomoka kichakani. Ngiri alisimamisha mkia, akaukabili mlima uleule. Akapita kwenye kona ya mawe iliyomtapisha siku ya kwanza ya mazoezi, na safari hii hakupunguza mwendo wala hakutazama jani. Chui aliishia katikati, ulimi nje, akarudi zake akitukana.

Kileleni Ngiri alijitupa chini akicheka. "Umeona mbio hizo? Nimemwacha Chui! Mwenzio nimezaliwa nazo, hizi hazifundishwi."

Mbuzi Mawe alikuwa amefika kabla yake, amesimama juu ya jiwe, anamtazama tu.

"Miezi miwili iliyopita ungekuwa kitoweo," alisema. "Elfu sita. Weka hapa."