Nyuma ya Kioo

Mke wa seremala alitega sikio mlangoni, akamsikia mumewe akimbembeleza mtu.

"Njoo basi. Taratibu. Usiniogope."

Moyo ukamlipuka. Tangu kiharusi kimlaze mkono wa kushoto, mwanamume huyu alikuwa hataki hata kusalimiwa. Wiki hii ndiyo kaanza kujifungia chumbani kila akishaoga, na kioo cha ukutani kakitungua. Anajipamba kwa ajili ya nani?

Akausukuma mlango kwa bega, komeo likaachia.

Hapakuwa na mtu, wala simu. Mumewe alikuwa amekaa mezani, kioo amekisimamisha katikati ya mikono yake, ule mgonjwa ukiwa umefichwa nyuma. Mkono mzima ulifumba na kufumbua kiganja, naye akiutazama kwenye kioo.

"Unafanya nini, baba watoto?"

"Ni yule daktari wa mazoezi," akajibu kwa haya. "Anasema ubongo ukiona hivi unadhani ni mkono ule mwingine, basi unaanza kutafuta njia mpya ya kuuamsha."

"Na wewe ukakubali? Ubongo wa mtu mzima udanganywe na kioo?"

"Hata mimi naona ananizungusha tu. Hakuna kitu."

Pale mlangoni mke aliona asichoweza kukiona mumewe. Nyuma ya kioo, kidole gumba kilijikunja, kikanyooka, kikajikunja tena.

Akayafikicha macho, maana nayo hakuyaamini.

"Usiache," akasema. "Endelea hivyo hivyo, na usithubutu kugeuka."